Tembo Hawakubeba Mbao za Baba Yako

Skola mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana upo chumba cha pili na ukuta wetu ni mwembamba. Nasikia zipu ya begi inavyokataa na wewe unavyoilazimisha. Ukiendelea hivyo itakufia kabla treni haijafika Kaliua. Ila nikija kukuambia, utanijibu kama wiki tatu hizi: "Shikamoo baba mdogo," kisha basi, unapita kama mtu anayepita mbele ya ofisi ya kata. Kwa hiyo nimekaa hapa karakana, jua bado liko juu ya bati la jirani, nimeweka ubao wa paini mapajani, nakuandikia. Mambo ya chakula cha njiani, blanketi na namba ya mwenye nyumba wa Tabora, huko unakokwenda kuanza useremala wako, mama yako mdogo ameshakuambia mara nne nikimsikia. Mimi huko siingii.

Naandika kwa sababu nikiongea naharibu. Wewe unanijua. Habari kinywani mwangu inaanza ikiwa mbuzi, inafika mwisho ikiwa ng'ombe mwenye pembe. Kalamu inanichelewesha. Mtu wa darasa la tano akitaka kuandika uongo mrefu, vidole vinamuuma kabla hajafika popote. Kwa hiyo utakachosoma humu ni kile ambacho vidole vyangu vimekubali.

Nina hasira, Skola. Nakuambia mapema usije ukadhani nimelainika kwa sababu unaondoka. Nina hasira na kile kichanja, nina hasira na ule ukuta, nina hasira na wewe kidogo kwa kunyamaza. Ila nyingi ni yangu mwenyewe, na hiyo haina pa kwenda.

Tuanze na kichanja cha kuwekea mbao, maana ndicho kilichokuvunja kidole cha mguu.

Nilipokipigilia pale ukutani mwaka jana ulikuwa umesimama nyuma yangu umeshika misumari. Ukasema, "Baba mdogo, hizi tofali zimeungwa kwa udongo. Msumari unaingia kama kwenye ugali." Nikakujibu nini? Nikakuambia mimi nimeanza kupiga misumari kabla baba yako hajamwona mama yako, na kwamba kichanja hiki kinabeba tembo na mwanawe mgongoni. Nikapanda mwenyewe nikaning'inia mbele ya mama yako mdogo na wale vijana wa bodaboda, nikabembea. Kilinibeba. Mimi ni kilo ngapi? Mbao mbichi za paini za yale mabenchi ya kanisa zilikuwa zaidi ya watu kumi wa saizi yangu, na nilizipandisha zote juu kabisa, juu ya vichwa vyetu, ili chini pabaki peupe wateja waone karakana ni kubwa. Sifa tu. Kwa ajili ya sifa nilitundika mauti juu ya kichwa cha mtoto wa kaka yangu, nikawa nakunywa chai chini yake.

Siku ile kilipoanguka pamoja na ukuta wake nilikuwa uani nasimulia. Nasikia mlio, nakimbia, nakukuta umekaa chini mlangoni, umeshika mguu, vumbi limekufunika nywele. Ungekuwa hatua mbili nyuma, pale kwenye mashine ya kuchania, leo hii nisingekuwa naandika barua. Ulikuwa umetoka kupokea simu. Simu ya nani sijui, na sitauliza, ila huyo mtu namshukuru.

Nikasema ujinga wangu. Nikasema, "Huu ukuta jirani ameutikisa na muziki wake." Wewe ukaniangalia. Hukulia. Ukasema taratibu, "Baba mdogo, tembo wako wamerudi?" Kisha ukauliza lile swali ambalo hujaliuliza tangu ukiwa mdogo: "Mbao za baba zilienda wapi? Na usiniambie tembo."

Na mimi nikakuambia tembo.

Mbele ya mama yako mdogo, mguu wako unavimba, nikaanza upya, wale tembo wanne, usiku ule, Litapunga. Nikaongeza hata wa tano. Mama yako mdogo akageuka akaenda jikoni. Toka siku hiyo hujanisemesha zaidi ya shikamoo, na mimi sikulaumu, nakereka tu.

Sasa sikiliza. Naandika polepole.

Baba yako, kaka yangu Deo, alipoanza kuumwa alikuwa na mbao kumi na nne za mninga, ndefu, nene, alizozipasua kwa kibali kabisa, si zile za kukimbizana na maliasili porini. Mninga mwekundu mpaka unatamani kuulamba. Aliniita akiwa kitandani. Mama yako alikuwa ameshatangulia mwaka mmoja nyuma, na wewe ulikuwa nje unacheza na vipande vya mbao, unajenga nyumba ya kuku. Akasema, "Hizi za Skola. Siku akianza maisha yake, zimsaidie kuanza. Zipange vizuri, zikauke zenyewe. Wewe Mathei una haraka, nakujua. Usiziharakishe." Hayo ndiyo maneno yake. Hakuniambia nikutunze, alijua hilo nitafanya. Alinisihi kuhusu mbao tu, maana hapo ndipo aliponitilia shaka.

Tukamzika. Haukupita muda mrefu nikawa kijiweni kwa mama ntilie wa sokoni, tunakula chapati, mafundi tumejaa. Salumu, huyu fundi Salumu wa mtaa wa pili unayemfahamu, akasema mninga mbichi unahitaji mwaka mzima na zaidi kivulini. Mimi nikamwambia, "Wewe labda. Mimi naukausha ndani ya wiki." Wote wakacheka. Unajua mimi mtu akinicheka inakuwaje. Nikawaambia nimeshakausha mvule kwa siku nne nikiwa Inyonga, ukalia kama ngoma ukiugonga. Inyonga nimefika mara moja, kwenye msiba, na sikugusa hata kijiti.

"Utaukausha na nini?" Salumu akauliza.

"Mtaona."

"Mathei, mbao si tumbaku."

Hapo ndipo aliponipa akili mbaya. Kumbe shemeji yangu kule Litapunga ana bani la kukaushia tumbaku. Unalikumbuka, ile nyumba ndefu kwenda juu, ya matope, haina dirisha, ndani miti imepangwa ngazi kwa ngazi mpaka darini, majani ya tumbaku yananing'inia pale, moto unawashwa nje na joto linapita kwenye bomba la bati mpaka majani yanakuwa ya njano. Tumbaku inaingia mbichi, inatoka kavu ndani ya wiki. Nikajiuliza, jani ni la mti, ubao ni wa mti, tofauti iko wapi? Hili wazo, mwanangu, linaweza kumjia mtu wa huku kwetu tu. Fundi wa Dar angekosea kwa njia nyingine.

Nikakodi gari la ng'ombe la Msukuma mmoja mpaka barabarani, nikapakia kwenye kipikapu cha mchungaji wa kanisa, nikazipeleka zote kumi na nne. Shemeji alisita. Nikamwambia mimi ndiye fundi. Tukazilaza kwenye ngazi za bani, tukaziba mlango kwa udongo, nikawasha moto. Siku ya kwanza nilikuwa na raha, nilimsimulia shemeji mambo yangu yote, hata yale ambayo hayajatokea. Siku ya pili jioni tukasikia mlio ndani, pwaa, kama gobore. Shemeji akaruka. Akasema, "Kuna mtu humo?" Nikamwambia ni unyevu unatoka. Ukalia tena. Na tena. Mimi badala ya kuzima moto nikaongeza kuni, maana nilishawaambia watu wiki.

Tulipofungua mlango siku ya tano nilikuta kitu ambacho sijakisimulia kwa mtu yeyote, mimi ninayesimulia kila kitu. Mbao za baba yako zilikuwa zimepinda kama upinde. Nyingine zimejisokota kama nguo inayokamuliwa. Zimepasuka kuanzia kichwani kwenda katikati, nyufa unaweza kuingiza kidole. Ubao mmoja ulikuwa umechanika wote, vipande viwili, kimoja kimeanguka kwenye bomba kimeungua nusu. Nilikaa mlangoni. Shemeji akachungulia juu ya bega langu, akasema, "Shemeji, umekaanga chipsi." Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyo. Nilitaka kumpiga.

Kaka yangu alikuwa hajamaliza miezi miwili ardhini.

Niliporudi ulikuwa umekaa hapa kwenye kizingiti, ukauliza, "Mbao za baba zimekauka?" Ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni kabisa, Skola, nalihisi mpaka leo lilivyokuwa limekaa. Nikafungua mdomo wakatoka tembo. Tembo wanne, wametoka hifadhini, wamezibeba kwa mikonga wawili wawili kama fundi na saidia fundi wake. Ukashangaa. Ukauliza, "Wanaenda kujengea nini?" Nikasema zizi la watoto wao. Ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu msiba, na mimi nikajisikia nimefanya jambo jema. Ukawachora kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana, huo huo ulioanguka.

Halafu ukaenda kuisimulia shuleni. Wakakuita muongo, mtoto wa muongo. Ukapigana kunitetea, ukarudi na jino la mbele mkononi. Nilikuosha damu pale bombani huku unaniambia, "Nimewaambia baba mdogo hawezi kudanganya kuhusu baba." Nikafungua bomba zaidi. Kama kuna siku nastahili kuangukiwa na kichanja ni ile.

Sasa usidhani nilizitupa. Nilizirudisha kwa awamu, nikijifanya nimeleta kuni, nikazificha nyuma ya choo chini ya bati. Nilijaribu kutoa hata kiti kimoja. Haikuwezekana, kila nikirandia ufa unaibuka. Nilizikasirikia zile mbao kama watu. Mwisho nikazichana vijiti, unene wa kidole gumba, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, kila mahali palipokuwa pazima katikati ya nyufa.

Unavijua. Umevishika kila wiki tangu ukiwa mdogo. Ndivyo vile vijiti tunavyoweka katikati ya mbao na mbao tukizipanga, hewa ipite. Uliniuliza mara moja, ulikuwa umeanza kujua miti: "Baba mdogo, mbao ni paini, mbona vijiti ni mninga? Nani anaweka cha thamani katikati ya cha rahisi?" Nikakuambia nilivishinda kwenye mchezo wa bao na chifu wa Wapimbwe. Ukaguna. Ndiyo siku nadhani uliacha kuniamini, ukabaki kunipenda tu.

Hivyo vijiti ndivyo vilivyonifundisha kazi, na mimi nimejidai miaka yote kuwa nilizaliwa naijua. Watu wanatoka mpaka Nsimbo kuuliza kwa nini mbao za Mathei hazipindi. Nawaambia dawa ya mizizi. Hakuna dawa. Nilikuwa nikikamata kile kijiti, kabla sijaharakisha chochote, namsikia kaka. Nikaanza kuzipanga mbao chini, nafasi ya mkono mzima kutoka ukutani, vijiti vimesimama mstari mmoja kutoka chini mpaka juu ili uzito ushuke sawasawa. Nikapaka rangi ya mabaki kwenye vichwa vya mbao, maana ufa unaanzia kichwani kama nilivyoona bani. Nikasubiri. Mimi, kusubiri. Miaka tisa nilifanya vizuri. Halafu mwaka jana wakaanza kunisifia, nikataka karakana ionekane kubwa, nikapandisha mbao juu ya kichwa chako. Yaani mtu anaweza kujifunza jambo mpaka likaingia mifupani, na siku moja ya sifa ikalitoa lote. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Wiki hii umenisikia nikitoka asubuhi na msumeno, ukadhani nimepata kazi ya mtu. Nilikuwa kwa Salumu. Ndiyo, Salumu huyo huyo. Nilimwambia nataka kutengeneza kichanja cha mbao cha mwanangu, cha bei ndogo, cha kubomolewa kiingie behewa la mizigo, na sina imani na mkono wangu. Aliweka chini kikombe chake.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

"Sina imani na mkono wangu."

"Mke wangu, njoo usikie hili."

Nikarudia mbele ya mkewe. Walinicheka mpaka wakachoka, halafu Salumu akatoa nguzo mbili za mkaratusi zilizobaki kwenye paa lake, akanisaidia. Tulikibomoa mara tatu. Mara ya kwanza nati zilikuwa ndogo kuliko bolti, na duka limefungwa. Mara ya pili nilitoboa upande usio wake, kekee ikakatika humo humo. Mara ya tatu Salumu alisema mikono ya kichanja iwe imeinuka kidogo mbele, ubao ulale kwa ndani usijiteleze nje, mimi nikasema ikae sawa ipendeze, tukabishana mpaka jua likazama. Yeye ndiye alikuwa sahihi. Imeniuma kuandika sentensi hiyo.

Kinasimama chenyewe. Kina miguu minne mipana, hakiombi msaada kwa ukuta wa mtu yeyote, na wewe usikipe ukuta hata wakikuambia ni wa saruji. Hakizidi kifua chako. Nilikipima kwako ulipokuwa unapita mlangoni, nikaweka alama kwenye fremu. Mbao kubwa nzito zikae chini kabisa. Kuna makopo manne ya maziwa ya unga, miguu isimame humo na oili chafu ya pikipiki kidogo. Mchwa wa Tabora siwajui tabia, lakini hakuna mchwa anayevuka oili bila wewe kumwona. Nilitaka kukuandikia zaidi, nikakumbuka kwamba wewe ndiye uliyeniambia kuhusu zile tofali. Unaijua hii kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nasahau.

Pamoja na kichanja kuna mzigo mmoja umefungwa kwa kamba za katani. Ni vijiti vyote. Nimeviokota leo mchana, mbao zangu zimebaki zimelaliana, na nitachonga vingine vya mkaratusi wiki ijayo. Kwaruza kimoja kwa kucha uone, wekundu bado upo. Hizo ndizo mbao za baba yako. Ndicho kilichobaki. Alitaka zikusaidie kuanza, nami nikaziharibu ndani ya siku tano kwa sababu ya chapati na kicheko cha mafundi. Ukitaka kuvichoma, vitawaka vizuri, vimekauka zaidi ya miaka kumi sasa, taratibu kama alivyoagiza. Sitauliza. Ukiviweka katikati ya mbao zako, basi kila ubao utakaokaukia kwako utakuwa umelala juu ya mkono wake.

Kesho nitabeba mzigo huo mwenyewe mpaka stesheni, sitaki bajaji. Ukinisemesha, nitafurahi. Usiponisemesha, nitakaa kimya mpaka treni iondoke, na watu wa stesheni watasimulia kwa miaka kwamba Mathei alishawahi kunyamaza.

Ungeniuliza tena lile swali, ningejibu kwa kifupi: bani. Moto wangu. Haraka yangu.

Na tembo, kwa kuwa leo nasema yote, nimemwona mara moja tu maishani. Nilikuwa kwenye basi la Sumbawanga, tunapita katikati ya hifadhi. Alikuwa mbali, alikuwa mmoja, na alikuwa amenipa mgongo.

Baba yako mdogo,
Mathei